Shela la Kuvaa, Shela ya Kukaa

Asalaam aleikum wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta. Aliyenialika amenisihi nisiwachoshe. Ananijua. Nitajaribu.

Mwaka 2010, Tom Mitchell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwasha programu waliyoiita NELL, wakaiachia isome kurasa za intaneti usiku na mchana. Kwa kila aina ya kitu, tuseme mji, waliipa mifano 10 hadi 15 tu, iliyobaki ikajitafutie. Ikishaujua mji mmoja, hutazama maneno yanayouzunguka, kisha kwa maneno hayohayo hunasa miji mingine.

Sasa, vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha ndani ya kompyuta yako, Wamarekani huviita jina moja na biskuti: cookies. Mashine ikavitia kapu la vitu vya kuokwa. Ikasoma kwamba watu huvifuta. Ikasoma tena kwamba watu hufuta na faili. Basi faili nazo zikawa mikate! Mnacheka? Ngojeni zamu yenu.

Tuilete huku kwetu. Tumeiambia Shela ni kijiji, hiki cha kisiwani mwetu Lamu. Inasoma: "Bibi harusi alivaa shela." Kumbe vijiji huvaliwa! Inasoma "alivaa kanzu," "alivaa buibui." Basi kanzu ni kijiji, buibui ni kijiji, na kofia ya mzee wangu pale mbele ni kitongoji, tena chenye nakshi.

Kuna kijana ananong'ona: "Mwalimu, si kijiji kina herufi kubwa?" Haya, toeni simu. Nani kati yenu ameandika herufi kubwa tangu Ramadhani? Na shela la harusi likianza sentensi, je?

Dawa mnayo vinywani tangu utotoni. Shela limeraruka. Shela kuna upepo. Mtoto wa miaka minne hapa Amu akisikia hiyo *li* na hiyo *ku* hamvishi mtu kijiji. Kiingereza hakina kitu hicho, kwa hiyo mtambo uliotengenezewa Kiingereza, ukabadilishwa maneno tu ukaletewa sisi, hautegi sikio hapo. Nimelisema hili mpaka mke wangu amelihifadhi.

Mtanijibu kwamba mashine za siku hizi zimesoma mengi zaidi. Zimesoma yaliyoandikwa! Zikikuta "mui wa Amu" zitajua ni mji, au zitakumbuka "mui huwa mwema" zidhani tunautukana mji wetu? Tena NELL ilikuwa na watu wa kuiketia na kuisahihisha, kwa lugha yao. Ya kwetu ataiketia nani, anayejua mui na mui?

Nilitaka pia kuzungumzia tenzi za Pate zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo programu nyingi hazijui hata kama ni Kiswahili, lakini mwadhini ameshaanza kunitazama. Maswali baada ya swala. Mwenye la herufi kubwa aanze yeye.