Qatar Imefuta Kafala? Jibu kwa Dada wa Kilifi

Assalam aleikum, ndugu zangu. Habari za nyumbani? Leo Ijumaa, siko kazini, nimekaa hapa Kornishi ya Doha. Upepo mtausikia kwenye rekodi hii, mniwie radhi, chumbani tuko sita na wenzangu wawili wametoka zamu ya usiku, wamelala.

Kuna dada wa Kilifi aliniandikia juzi. Ajenti wake amemwambia, "Qatar walishafuta kafala, wewe nenda tu." Akanitumia na picha ya mkataba, anauliza kama ni kweli. Dadangu, ni kweli nusu. Ile nusu nyingine ndiyo inayotuumiza sisi makadama, yaani wafanyakazi wa nyumbani.

Tuanze na kafala yenyewe. Ukiingia hapa, ukaazi wako unaandikwa chini ya mwajiri. Huyo ndiye kafili wako. Kibali anakitoa yeye, anakihuisha yeye. Ukitoka nyumbani kwake bila kufuata utaratibu, anaweza kwenda kuripoti kwamba umetoroka. Basi hata kama ulitoka kwa sababu hujalipwa miezi minne, anayetafutwa ni wewe. Hilo bado lipo, na yeyote anayekwambia limekwisha hajawahi kulala nyumba ya watu.

Mimi nilikuja mwaka 2018. Mwezi wa kumi mwaka huohuo, serikali ya hapa ikaondoa ile ruhusa ya kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi. Zamani hupandi ndege mpaka mwajiri akubali. Mtaani kwetu kulikuwa na jengo linajengwa, na kijana mmoja wa Bungoma alikuwa akifanya kazi pale. Yeye sheria ilimgusa. Sisi wa majumbani tukaachwa nje, kwa sababu sheria ya kazi ya Qatar, ile ya mwaka 2004, haimhesabu mfanyakazi wa nyumbani. Tunawekewa sheria yetu pembeni, na kila jambo jema likija, linatufikia mwisho.

Aprili 2019 nyanyangu akafariki kule Kaloleni. Ndiye aliyenilea. Nikamwomba mama wa nyumba niende nikamzike, hata siku tano tu. Akaniambia nisubiri Ramadhani ipite. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati lake la nguo, chini ya sanduku la udi, naijua mpaka leo harufu yake. Mazishi niliyaona kwa simu ya dada Mfilipino wa jirani, tumesimama kwenye kichochoro cha kufulia, picha inakatika kila mara. Niliona jeneza likitolewa mlangoni, ikakatika. Iliporudi, watu walikuwa wanatawanyika.

Yule kijana wa Bungoma angeweza kwenda kuzika siku hiyohiyo, pasi na kumuuliza mtu. Mimi sikuweza. Tunaishi mtaa mmoja, nchi moja, jua letu ni moja. Kilichotutenganisha ni mstari mmoja kwenye karatasi ya serikali. Ndiyo maana nakasirika mtu akisema siasa na sheria hazituhusu sisi watu wadogo. Sisi ndio zinatuhusu kabisa.

Kadama aliondolewa kizuizi hicho cha kutoka nchini Januari 2020, ila yeye anatakiwa amjulishe mwajiri saa 72 kabla ya kuondoka. Mwaka huohuo wakafuta na ile barua ya mwajiri uliyohitaji ili kubadilisha kazi. Kisha kuanzia Machi 2021 kukawa na kima cha chini cha mshahara: riyali 1,000 kwa mwezi, na hapa, namshukuru Mungu, makadama tulihesabiwa. Kama mwajiri hakupi chakula anaongeza 300, na kama hakupi malazi anaongeza 500.

Mimi nilihama kwa sheria hiyo ya kubadilisha kazi. Nilitoa notisi ya miezi miwili, maana nilikuwa nimepita miaka miwili kazini. Hata hivyo kule nilikokuwa naenda wakanitaka nilete barua ya kujiuzulu yenye sahihi ya mama wa nyumba. Sheria haisemi hivyo. Nililia mlangoni pake wiki nzima ndipo akaitia. Sasa ni msafishaji katika shule, mshahara unaingia benki.

Sheria ya makadama yenyewe ni ya mwaka 2017, na ina mambo mazuri: saa zisizozidi 10 kwa siku, siku moja nzima ya mapumziko kila wiki, likizo ya wiki tatu kwa mwaka. Lakini mkaguzi wa kazi ataingia kwenye jengo la ujenzi, atahesabu kofia za chuma. Nani anaingia jikoni saa sita usiku kuhesabu saa zako?

Na nyumbani pia tusijisahau. Mwaka 2014 Kenya ilipiga marufuku makadama kuja Mashariki ya Kati. Njaa haikupigwa marufuku, basi wasichana wakapitia nchi jirani, bila mkataba, bila mtu wa ubalozi kujua wako wapi. Kumfungia mtu mlango si kumlinda.

Sasa dada wa Kilifi. Kwanza nenda uhakikishe ajenti wako amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Pasipoti, mwajiri kuizuia ni kosa hapa, faini yake inafika riyali 25,000. Piga picha kurasa zake, mwachie mamako. Namba ya ubalozi wetu Doha iandike kwenye karatasi, usiiweke kwenye simu peke yake, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza.

Na ule mkataba ulionitumia nimeusoma mara mbili. Ukurasa wa pili wameandika riyali 800, na siku ya mapumziko hawakuitaja popote. Usitie sahihi. Mrudishie ajenti, aandike 1,000, aandike na siku yako, halafu unitumie tena nione. Usiku wowote, niko macho.