Fundi atakuja ama fundi anakuja?

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mliofika, asanteni. Haya maneno nimeyasema hapa Kisumu mara nyingi na leo nayarudia, mtoto ukimuuliza mambo ya kesho kwa Kiingereza anakujibu na "will", kila kitu "will". Nani amemfundisha hivyo? Ni sisi.

Kuna binti nilimfundisha, siku hizi yuko mapokezi kwa hoteli moja mjini, jina naliacha. Asubuhi moja mgeni akashuka na taulo begani, bomba la chumbani halitoi maji. Binti alikuwa ashampigia fundi, wamepatana saa nne, na fundi ameshapanda boda yuko njiani. Lakini mdomoni ikatoka "The plumber will come." Mgeni hakungoja hata kuuliza lini, akaenda moja kwa moja kwa meneja, na binti akaitwa ofisini kama mtu ambaye hajafanya kitu. Angesema "The plumber is coming at ten" huyo mgeni angerudi kukunywa chai yake, juu hapo Kiingereza kinasema jambo limepangwa, fundi ameambiwa, saa iko. Ile "will" peke yake ilisikika kama maneno ya kumtuliza tu.

Sasa najua kuna mtu hapo nyuma anasema, lakini mwalimu, Kiswahili chetu kwa mambo ya kesho kina -ta- pekee, ile ya "atakuja", mtoto atajuaje tofauti? Si kweli! Landilodi akikuambia "fundi atakuja", unatafuta mtungi mapema uende kwa jirani. Akisema "fundi anakuja saa nne", unabaki nyumbani umngoje. Kesho nasafiri, Jumamosi tunazika, -ta- iko wapi hapo? Na hakuna mtu anafikiri mnazika saa hii. Hiyo ndiyo "I'm travelling tomorrow", mtoto anayo tayari!

Tena mawingu yakijikusanya kule milima ya Nandi saa tisa mchana, mama aliyeanika omena anaangalia juu mara moja, anaanza kukunja neti na anaita watoto, mvua inataka kunyesha! Inataka. Dalili iko mbele ya macho, na hiyo ni "it's going to rain". Na hata hiyo "will" zamani kwa Kiingereza maana yake ilikuwa kutaka, kama vile -ta- yetu ilivyotoka kwa kutaka, kwa hivyo msiniambie hizi lugha haziwezi kusaidiana.

"Will" nayo ina kazi yake, sijasema muitupe. Umemwona mama anashuka matatu na gunia, unamwambia lete, nitakubebea, "I'll carry it". Umeamua papo hapo.

Penye Kiswahili kinatuponza ni "nitakapofika". Mtoto anaona -ta- imejificha ndani, anaandika "When I will arrive". Mpe ile ya kila siku, nikifika nitakupigia, "when I arrive I'll call you", -ta- moja, "will" moja, kwisha.

Kuhusu "shall", ile sheria ya "I shall, you will", kwamba ukijisemea mwenyewe mambo ya kesho ni "shall" na wengine ni "will", ni ya John Wallis, Mwingereza aliyeandika kitabu cha sarufi 1653, sioni kwa nini tunapigia watoto alama za kosa nayo mpaka leo. "Shall" mtaikuta kwa Katiba yetu ya 2010, na pale ni amri. Ratiba za basi, "the bus leaves at six", naona mnanionyesha saa, tuache. Ila kesho asubuhi kabla hamjafungua kitabu, waulizeni watoto kwa Kiswahili, Jumamosi mnafanya nini? Halafu andikeni ubaoni vile wamejibu, muanzie hapo.