Mwanga Unavyopanga Molekuli Ndani ya Kioo cha Televisheni

Walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliofika, asanteni. Nimekuja kuzungumzia utando ambao huenda hakuna humu ndani aliyewahi kuuona, ingawa wengi wenu mnautazama kila jioni sebuleni. Ni utando wa polima, yaani kemikali yenye molekuli za minyororo mirefu, kwa kawaida wenye unene usiofika nanomita 100, uliopakwa upande wa ndani wa vioo viwili vya skrini. Kati ya vioo hivyo kuna mwanya wa maikromita 3 au 4 hivi, umejazwa fuwele kimiminika.

Fuwele kimiminika hutiririka, lakini molekuli zake, ndefu na nyembamba, hupenda kulala zikielekea upande mmoja. Friedrich Reinitzer alikutana nazo mwaka 1888 huko Prague, alipoona kitu kimoja kinayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145 za Selsiasi hivi kikawa kimiminika chenye ukungu, na kwenye nyuzi 178 hivi kikawa angavu. Sasa, zielekee upande gani? Molekuli zenyewe hazichagui. Ukiziacha, hizi zitatazama huku na zile kule, na skrini itajaa mabaka. Anayeamua ni ukuta, yaani ule utando.

Kwa miongo mingi utando ulifundishwa mwelekeo kwa kusuguliwa. Mfaransa Charles Mauguin alisugua kioo kwa karatasi mwaka 1911 na molekuli zikamtii. Viwanda vikafuata kwa rola lililovikwa kitambaa cha mahameli, likipita juu ya poliimidi, ile polima ya utando. Njia hiyo inafanya kazi, na imetulisha skrini nyingi sana. Ila mahameli huacha vumbi, hukwaruza, na huzalisha umeme tuli unaoweza kuua transista ndogondogo zilizo chini yake.

Sasa tuje kwenye mwanga, na hapa naomba tusikimbie. Chukueni mwanga uliopitishwa kwenye polaraiza, ukabaki unatetemeka upande mmoja tu. Molekuli ya azobenzini, kemikali inayoweza kutiwa kwenye utando, humeza mwanga huo vizuri pale mhimili wake unapolingana na mtetemo. Ikiwa imekaa kwa pembe mraba, haumezi karibu kabisa. Ikiumeza hupinda, kisha hunyooka tena, na kila ikinyooka yaweza kuwa imegeukia upande mwingine. Ile iliyoangukia pembe mraba haisumbuliwi tena. Fikirieni watu waliokaa karibu na mwembe: anayechomwa na jua anahamahama, anayepata kivuli anatulia, na mwishowe wote wako kivulini bila jua kumsukuma mtu. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili. Mpangilio umepatikana kwa kuzinyima utulivu zilizokaa vibaya.

Kunihiro Ichimura na wenzake nchini Japani walionyesha mwaka 1988 kwamba tabaka moja tu la azobenzini linatosha kuziamuru fuwele zisimame au zilale. Mwaka 1991 Wayne Gibbons na wenzake, Marekani, wakaandika mwelekeo kwa leza, wakaufuta, wakaandika mwingine. Kufutika huko kunavutia maabara, lakini televisheni inataka kitu cha kudumu. Mwaka 1992 kundi la Martin Schadt huko Basel likatumia polima yenye sinamati, kemikali inayoungana ikipigwa na mwanga: mionzi ya urujuanimno huzifunga molekuli mbili mbili kwa muungano wa kikemia, zile zinazolingana na mtetemo zikitangulia. Miaka hiyohiyo kundi la Yuriy Reznikov huko Kyiv lilifika hapo pia, na si haki kulisahau. Njia ya tatu ni kukata: minyororo ya poliimidi inayolingana na mtetemo huvunjwa, na ile iliyokaa pembe mraba ndiyo inayobaki kutoa amri.

Kiwandani haikuwa rahisi, kwa sababu utando uliopangwa kwa mwanga mara nyingi ulizishika fuwele kwa ulegevu, na picha ya zamani ikaacha kivuli chake kwenye skrini. Mwaka 2009 kampuni ya Sharp ilitangaza UV2A, teknolojia yake ya kupanga molekuli kwa urujuanimno, ikaitumia kiwandani Sakai, Japani, ambako bamba moja la kioo lilikuwa na upana wa milimita 2880 na urefu wa 3130. Mwaka 2014 Apple nayo ikaitaja njia ya mwanga katika iPhone 6.

Faida yake kubwa iko kwenye rangi nyeusi. Mahameli huinua molekuli kwa nyuzi moja au mbili kutoka kwenye kioo, na ukitazama kwa upande weusi unavuja, yaani mwanga unapenya palipotakiwa kuwa peusi. Mwanga unaweza kuzilaza bapa kabisa. Tena unaweza kubadili mwelekeo nukta kwa nukta, jambo ambalo rola haliwezi, na kwa njia hiyo leo zinatengenezwa lenzi bapa, nyembamba kuliko unywele, zisizo na mbinuko wowote. Wanaosoma kemia hapa, polima za kazi hiyo bado zinahitaji watu. Karibuni kwa maswali.