Mama wa Samaki na Matatu

BARASA: Wasikilizaji, habari za jioni. Hapa Kisumu joto limegoma kushuka, na dada yangu Atieno amekuja na kisa cha mama mmoja.

ATIENO: Wa kubuni, usije ukaniuliza ni wa wapi. Anauza samaki. Kila asubuhi alikuwa akinunua samaki aina ya mbuta ufuoni Dunga, anapanda matatu hadi soko la Kibuye. Siku moja matatu ikapinduka. Yeye alitoka na mikwaruzo tu. Lakini tangu siku hiyo, akisikia makanga akiita abiria, magoti yanalegea. Sasa anatembea kwa miguu, samaki wanafika jua limeshawamaliza.

BARASA: Si aende kwa mshauri nasaha?

ATIENO: Yupi? Wengi hudhani ushauri ni kitu kimoja, kama dawa ya malaria. Akimpata mfuasi wa Freud, yule daktari wa Vienna, ataulizwa utoto wake ulikuwaje, nani alimwacha, nini kilimtisha kabla hajajua kukitaja. Matatu kwake ni mlango wa kuingilia tu. Na kazi hiyo huchukua miezi, pengine miaka.

BARASA: Na samaki wanaoza.

ATIENO: Wanaoza, kaka! Sasa kuna Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini. Yeye alianza na paka.

BARASA: Paka?

ATIENO: Paka waliopigwa shoti ya umeme ndani ya kizimba, hadi wakakataa kula humo hata wakiwa na njaa. Unyama, nakubali. Ila akaanza kuwalisha chumba kingine, mbali. Wakizoea, anasogeza chakula karibu kidogo. Mwishowe wakala kizimbani. Akaipeleka njia hiyo kwa binadamu. Kwa hiyo mama yetu leo anasimama mbali na steji, anatuliza pumzi. Akizoea, anasogea. Kisha anaketi kwenye matatu iliyoegeshwa. Halafu steji moja tu, ashuke.

BARASA: Hiyo hata mimi naielewa.

ATIENO: Aaron Beck naye, daktari wa akili wa Philadelphia, alisomea njia ya Freud. Miaka ya 1960 akagundua wagonjwa wake wana mawazo yanayopita upesi, yenye sumu, wala hawayataji mpaka waulizwe. Huyo angemwambia mama: ‘Unaposema matatu zote zitapinduka, umepanda ngapi maishani, na zilizopinduka ni ngapi?’

BARASA: Wacha nikuambie yangu. Nilipoachishwa kazi nilienda kwa mshauri fulani. Naongea, yeye ‘mmh’. Anarudia nilichosema. Vikao vitatu! Nikajua huyu ananila pesa.

ATIENO: Huenda alikuwa wa njia ya Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani. Rogers alishikilia kwamba mwenye kidonda ndiye anayejua panapouma. Mshauri amsikilize bila kumhukumu, hadi aisikie sauti yake mwenyewe. Kosa la mshauri wako ni kutokukueleza siku ya kwanza.

BARASA: Angenieleza ningekuja na subira. Wiki ya nne sikurudi. Haya, wewe ungempeleka wapi huyu mama?

ATIENO: Kwa hofu ya matatu peke yake, kwa mtu wa Wolpe, bila kusita. Ila kuna jambo sijakuambia. Kwenye ile matatu alikuwa na dadake. Dadake hakutoka.

BARASA: Ai! Sasa hiyo si hofu ya gari.

ATIENO: Ni msiba. Ng'ambo ya ziwa letu, Masaka na Rakai kule Uganda, mwaka 2002 watafiti walijaribu tiba inayoangalia mambo kama hayo: kufiwa, ugomvi, maisha kubadilika ghafla. Kwanza wakawauliza wanavijiji huzuni hiyo wanaiitaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, moja la kujichukia, jingine la kujihurumia. Ndipo wakaunda vikundi, wanawake kwao, wanaume kwao, saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16. Viongozi walikuwa wenyeji waliofunzwa wiki mbili tu.

BARASA: Ikasaidia?

ATIENO: Sana. Huzuni ilipungua kuliko katika vijiji ambavyo havikupata tiba hiyo.

BARASA: Yaani kama chama.

ATIENO: Chama bila mchango. Aanzie huko. Mtu wa Wolpe, yule wa paka, atamwendea baadaye, akishamlilia dadake.

BARASA: Na mbuta kwa sasa watafikaje Kibuye?

ATIENO: Hilo atawauliza wenzake kikundini. Hakukosi mwenye mkokoteni.