Shamba la Anathothi

Bwana asifiwe. Tukae, ndugu zangu. Fungueni Yeremia 32. Asiye na Biblia asogee kwa jirani.

Nataka tumtazame mtu aliyenunua shamba siku ambayo hakuna mwenye akili timamu angenunua. Ni mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia, kama 587 K.K. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Yeremia yuko kifungoni katika uwanda wa walinzi, anakula mkate mmoja kwa siku kutoka mtaa wa waokaji, na mkate wenyewe mjini unaelekea kwisha. Hapo ndipo anaingia Hanameli, mtoto wa ami yake: "Ninunulie shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa ni yako."

Anathothi iko nje ya kuta, kwenye nchi ambayo adui ameshaikalia! Mimi ningedhani natapeliwa. Wote tunaye yule ndugu anayekumbuka undugu siku akikwama hela.

Yeremia alijua neno hilo limetoka kwa Bwana. Akapima fedha kwenye mizani, shekeli 17, kama gramu 200 hivi. Hapa msiharakishe, maana Biblia nayo haiharakishi. Hati zikaandikwa mbili, moja ikatiwa muhuri, nyingine ikaachwa wazi. Mashahidi wakaandika majina yao. Baruku mwana wa Neria, mwandishi wake, akakabidhiwa mbele ya watu wote, akaambiwa aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Nyie mnaouziana viwanja kwa kuaminiana, bila shahidi wala mwenyekiti wa mtaa, nadhani mmenisikia.

Hati zikishakabidhiwa, ndipo Yeremia anaomba. Anaanza vizuri, anamsifu Muumba wa mbingu na nchi. Mwishoni linamtoka lililokuwa moyoni: Bwana, maboma ya adui yamefika, mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli, nawe unaniambia nunua shamba?

Angalieni mpangilio huo. Watu hunijia wakiona aibu kwamba wanaomba huku wana mashaka, wanataka mashaka yaishe kwanza ndipo watii. Yeremia mashaka alikuwa nayo, na hati ilikuwa imeshapigwa muhuri.

Wala Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Alimjibu kirefu, na hakumficha kwamba mji utachomwa moto. Kisha akarudia maneno yaleyale ya mauziano: mashamba yatanunuliwa kwa fedha, hati zitaandikwa, zitatiwa muhuri, mashahidi wataitwa. Na kati ya sehemu zote, nchi ya Benyamini, iliyo na Anathothi, ndiyo aliyoitaja kwanza.

Je, Yeremia alilima lile shamba? Hakuna mstari unaosema hivyo. Mji ulianguka mwaka uliofuata, na baadaye watu wake wenyewe wakamchukua mpaka Misri pamoja na Baruku. Nikiri kwamba jambo hilo hunisumbua kila nikisoma. Zile shekeli zilikwenda, na mlipaji hakuonja hata zabibu moja.

Sasa twende Ezra 2, sura ile ya majina ambayo wengi tunairuka. Ni orodha ya waliorudi kutoka Babeli baada ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, kuwaruhusu. Kijana wa hapo mbele, tusomee mstari wa 23. Kwa sauti, wa nyuma wasikie.

"Watu wa Anathothi, mia na ishirini na wanane."