Kijana wa kura ya kwanza anauliza pesa ya komini

Wababa, wamama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni mbele, nafasi ipo. Historia ya uchaguzi wa Kongo mnaijua, siirudii. Naenda moja kwa moja kwenye pesa, kwa sababu kila nikikaa na kijana wa Katuba, wa Kenya au wa Ruashi, komini za mji wetu wa Lubumbashi, yaani sehemu za mji zenye uongozi wake, anayengoja kupiga kura mara ya kwanza, mazungumzo yanafika hapo.

Wakubwa wanasema kijana hajui anachotaka kwa kiongozi. Si kweli. Msikilizeni binti mmoja anayeuza lengalenga, yaani mchicha, katika soko la hapa mjini. Kila asubuhi, hajauza hata fungu moja, mtoza kodi anamkatia tiketi. Tiketi hizo hazitupi. Anazifunga na mpira na kuziweka chini ya beseni. Wakati wa kampeni za 2023 mgombea mmoja wa komini akafika sokoni na muziki na tisheti. Binti akapokea tisheti, akaivaa palepale, kisha akatoa kile kifurushi: “Papa, hizi tumelipa sisi. Mvua ikinyesha tunauzia kwenye matope. Ukichaguliwa, utakuja kutusomea zimeingia ngapi na zimefanya kazi gani?” Mgombea akasema atajenga soko la kisasa. Binti akarudia swali. Akajibiwa soko la kisasa. Waliokuwa wanacheza wakaacha kucheza, wakasogea kusikiliza. Watu wa mgombea wakapandisha muziki.

Hakuomba soko jipya, hakuomba kazi. Aliomba kusomewa hesabu! Na swali hilo nimelisikia kwa wanafunzi wa chuo kikuu, kwa vijana wa pikipiki, kwa wanaobadilisha pesa barabarani.

Mtaniambia: lakini tisheti si aliichukua? Ndiyo, aliichukua. Tisheti ni nguo, inavaliwa. Mbele ya mashine ya kura unakuwa peke yako. Na sisi wazazi tuliopokea vitenge na unga miaka yote, tuache kuwahukumu watoto kwa tisheti.

Mwingine ataniambia komini haina pesa, basi asome nini? Hapo nakasirika. Tunaishi katika mji wa shaba! Sheria ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini wanayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au uchifu ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 ni ya wakaaji, wana haki ya kujua imefika au haikufika. Komini isiyo na mgodi ina soko, ina maegesho, ina kodi zake. Hata kikiwa kidogo, kinasomwa.

Kumbukeni pia kwamba katiba ni ya 2006, lakini washauri wa komini, wale wa baraza lake, tuliwachagua wenyewe kwa mara ya kwanza chini ya katiba hiyo tarehe 20 Desemba 2023. Miaka 17 tumengoja! Mtoto aliyekuwa na miaka 13 siku ile atatimiza 18 mwaka 2028, muhula wa miaka 5 ukiisha. Huyo hatapima maneno ya kampeni tu, atapima walichofanya hawa waliopo.

Kabila la mtu? Najua mnangoja nilitaje. Bado lina nguvu, sitawadanganya. Lakini binti yule na mgombea yule walikuwa wa lugha moja, na swali halikupata jibu. Wenzake waliliona hilo.

Habari ya kazi naiacha, saa imekwisha. Ya usalama nasema moja tu: vijana wanataka kiongozi anayelala katika komini yao, anayesikia masufuria yakigongwa usiku wezi wakiingia.

Sasa, washauri wa komini, nawaona wawili hapa mbele. Tupeni tarehe. Mtasoma hesabu siku gani, na katika soko gani? Mikrofoni hiyo.