Umbea wa Mwaka 1521

HAMADI: Juzi nimewapokea wageni uwanja wa ndege, nawapeleka Nungwi. Huko nyuma wanapiga soga, na Kiitalia changu cha ufukweni kinadaka neno hapa, neno pale. Mara "da, da" kila dakika.

MWANAISHA: Waromania hao.

HAMADI: Waromania! Kilatini wameletewa na Trajan, mfalme wa Roma, alipoiteka Dacia, Romania ya leo, mwaka 106; hiyo "da", yaani "ndiyo", wameipata kwa Waslavi. Leo redioni nina mambo matano ya kujifunza kuhusu lugha yao, nimeyaandika kabisa…

MWANAISHA: Barua ya Neacșu imo?

HAMADI: Ni ya mwisho.

MWANAISHA: Basi tuanze nayo. Mwaka 1521, Neacșu wa Câmpulung anamwandikia Johannes Benkner, mkuu wa mji wa Brașov. Katika maandishi ya Kiromania yaliyobaki na yenye tarehe inayojulikana, hayo ndiyo ya zamani kuliko yote. Utadhani ni dua, au sheria. Umbea, kaka! Sultani wa Waturuki katoka Sofia, mtu wa mji wa Nikopol kaona kwa macho yake mashua zinapanda mto Danube…

HAMADI: Huo ni ujasusi.

MWANAISHA: Jasusi gani anasema "fulani kaniambia"? Na anamsihi mwenzake: maneno haya kaa nayo, watu wengi wasijue. Sisi hawa, tunayatangaza Unguja!

HAMADI: (anacheka) Ila salamu zake ni za Kislavoni, lugha ya kale ya Waslavi, na herufi zote za Kisirili, kama za Warusi. Kanisani na ofisini ilikuwa Kislavoni tu. Hilo ni jambo langu la tatu.

MWANAISHA: Salamu za heshima, halafu umbea kwa lugha ya nyumbani. Namjua shangazi wa hivyo.

HAMADI: Turudi nyuma. Mfalme Aurelian wa Roma alipoondoa majeshi Dacia miaka ya 270, raia walibaki milimani na Kilatini chao.

MWANAISHA: Hapo sikubali. Utawala haukufika hata miaka 170! Lugha imekulia kusini ya Danube, wachungaji wakapanda nayo baadaye. Njegere wanaita "mazăre", na Waalbania wana neno la ukoo huohuo. "Om" ni mtu, "omul" ni yule mtu, kiambishi kinakaa mkiani kama kwa Waalbania na Wabulgaria. Tena Waaromania, wenye lugha ndugu ya Kiromania, wako Ugiriki mpaka leo.

HAMADI: Maneno hayo huenda ni masalia ya Kidacia, lugha ya kabla ya Waroma. Na mito je? Olt, Mureș, majina ni yaleyale ya kale. Nani aliyatunza kama watu walihama?

MWANAISHA: Waslavi waliyakuta, wakayapokeza.

HAMADI: Waliyakuta kwa nani?

MWANAISHA: Kwa yeyote aliyekuwepo! Si lazima awe msemaji wa Kilatini.

HAMADI: Dada, unakwepa.

MWANAISHA: Wewe unataka wachungaji wasitembee.

HAMADI: Fundi wa studio ananyoosha kidole. Mambo yangu matano?

MWANAISHA: Soma moja.

HAMADI: Karne ya 19 waliacha Kisirili, wakachukua herufi za Kilatini, na wasomi wa Transylvania, jimbo la huko, walikuwa…

MWANAISHA: Muda umekwisha. Wiki ijayo ni vitendawili vya Pemba, tuleteeni vyenu.

HAMADI: Na mito hujanijibu.